Kadi ya Majina Mawili

Watu wote walimwita Funguo. Alikuwa mtunza sakristia wa parokia kwa miaka thelathini na moja, na pete ya funguo kumi na saba ilimning'inia kiunoni mchana kutwa, ikilia kila alipopiga hatua, hata wanakwaya waliokuwa wakipiga umbea kwenye ngazi walinyamaza kabla hajatokeza. Kazi yake aliijua kwa vidole. Angekuambia amefumba macho kwamba kalisi, kikombe cha divai, ya pili kutoka kushoto ina ufa mwembamba chini, na kwamba kabati la kasula, mavazi ya juu ya padri, halifunguki mpaka ulisukume kwanza kwa goti.

Kazi moja kati ya hizo ilikuwa ndogo mno, waumini hawakujua hata kama ipo. Ndani ya Misale, kile kitabu kikubwa cha altare, kuna mahali katika sala kuu ambapo padri humtaja Papa na askofu wa jimbo kwa majina yao. Kitabu chenyewe hakina majina hayo, maana Papa hufa na askofu hufa, na kitabu hakichapwi upya kila ukitokea msiba. Basi Funguo aliyaandika majina yale mawili kwenye kadi ngumu nyeupe, kwa wino mweusi na herufi kubwa, akaibana kadi kwenye ukurasa wake kwa klipu. Mmoja wao akifa, aliandika nyingine.

Kwa padri mwingine kadi ile ingekuwa pambo tu. Padri wao hakusali neno bila kulisoma. Alipokuwa kijana, katika misa yake ya kwanza, mbele ya askofu na mama yake mzazi, alisahau sala ya Nasadiki katikati akasimama mdomo wazi mpaka watoto wakaanza kucheka. Tangu siku ile hakukiamini tena kichwa chake. Baba Yetu aliisoma. Hata kubariki chakula alitoa kijitabu mfukoni huku wenyeji wakitazama sahani zikipoa. Waumini walimpenda hivyo hivyo, wakamwita Padri Kitabu, na kulikuwa na kisa chake kimoja ambacho hakikuchuja: Jumapili moja mama mfua nguo alisahau karatasi yake ndani ya Misale, na padri akasoma kwa sauti ya ibada, "mashuka manne, na vitambaa sita vya altare," na benchi la mbele likaitikia "Amina" bila wasiwasi wowote.

Ugomvi ulianza askofu mzee alipofariki. Roma ilileta mwingine, mgeni wa jimbo, mwenye jina refu ambalo wazee walilikatia katikati. Miezi miwili haijaisha akaandika barua mbili. Ya kwanza ilifunga shule ya ufundi ambayo waumini waliijenga kwa mikono yao, akina mama wakibeba matofali kichwani na watoto mgongoni. Ya pili ilimwondoa Padri Kitabu, baada ya miaka ishirini na miwili, ikampeleka parokia ya mbali ambako hakuna aliyemjua. Watu walimwandikia askofu, hakujibu. Walikwenda kumwona, wakaambiwa yuko safarini, na hapo walikuwa wameegemea gari lake.

Siku hiyo ndipo Katekista alipoanza kusema kwamba sala inapanda mbinguni hata bila kupitia Roma. Katekista alikuwa mwashi, mtu wa mabega mapana na sauti ya chini, na wanafunzi wake wa komunyo hawakuwahi kuchelewa kipindi. Hakupiga kelele hata siku moja. Mama mmoja aliyesemekana kupeleka maneno kwa askofu alikuta meza yake ya nyanya imepinduliwa na nyanya zote zimekanyagwa, moja moja, kwa utaratibu. Hakuna aliyesema ni nani, na hakuna aliyeuliza.

Padri alipokuwa bado hajahama, ikaja barua ya tatu. Makamu wa askofu angekuja Jumapili kukaa benchi la mbele na kusikiliza. Kama padri hatalitaja jina la askofu katika sala kuu, basi yeye na wote watakaobaki naye watakuwa wamejitenga na Kanisa. Hawatapata sakramenti. Wala hawatazikwa katika makaburi ya parokia.

Funguo alisomewa barua ile na binti yake, mshonaji, aliyekuwa akikaa naye. Aliposikia neno la mwisho alitafuta kiti kwa mkono kama kipofu.

Nyuma ya sakristia, hatua arobaini kutoka mlangoni, alilala mkewe. Alikuwa na miaka minne pale. Mama yule hakuogopa nyoka wala mwizi, ila kulala peke yake hakuweza. Mumewe akikesha kanisani wiki ya Pasaka, yeye alibeba mto wake akaenda kulala kwa jirani, na majirani walimtania mpaka uzeeni. Wiki yake ya mwisho alimshika Funguo mkono akamwambia asimwache peke yake huko anakokwenda. Funguo aliahidi. Aliomba nafasi ya pembeni yake, akapewa, na Katekista mwenyewe, wakati ule rafiki, akajenga ukingo mmoja wa tofali kuzunguka makaburi mawili, bila kudai hata kikombe cha chai. Upande mmoja ulikuwa na msalaba. Upande wa pili ulikuwa na majani tu, na kila Jumamosi Funguo aliyafyeka kama mtu anayetandika kitanda.

"Baba, mtu anazikwa popote," binti alimwambia. Alikuwa upande wa padri, na tayari alikuwa ameshona bendera ya kundi lao. "Ardhi yote ni ya Mungu."

"Mama yako hayuko popote," alijibu Funguo. "Yuko pale."

Jumamosi padri aliingia sakristia peke yake. Alikuwa amekonda, na kola ilimzunguka shingo bila kuigusa. Hakumtazama Funguo usoni. Alisema kwamba kesho asiikute ile kadi ndani ya kitabu, kisha akasimama akishikashika pindo la kitambaa, akatoka. Funguo alibaki ameshika kopo la nta.

Mtu mwoga ana akili zake. Alipokuwa akipangusa vinara, Funguo alipata wazo, na wazo lenyewe lilikuwa rahisi: angeiacha kadi mahali pake. Alimjua mtu wake. Padri Kitabu akifika kwenye ukurasa ule, mdomo ungesoma kabla moyo haujagoma, kama alivyosoma mashuka manne. Jina lingetoka. Makamu angeandika kwamba limetoka. Halafu wakimuuliza Funguo, angesema amezeeka, amesahau, jamani mnisamehe. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na yeye hakuona aibu kuwa kunguru, mradi ubawa ufike hatua arobaini nyuma ya sakristia.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Makamu wa askofu alifika mapema, padri mwembamba mwenye miwani, akaketi benchi la mbele peke yake. Hakuna aliyetaka kukaa jirani naye. Aliweka daftari dogo juu ya goti na kalamu juu ya daftari.

Sakristiani Funguo alikuwa ameshika Misale kifuani, tayari kuipeleka altareni, Katekista alipoingia akafunga mlango taratibu. Aliuliza kama kadi imeshatolewa. Funguo alisema imetolewa, na funguo zake zikalia kiunoni ingawa yeye hakuwa ametembea. Katekista alizitazama zile funguo. Halafu akamwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu aliyezoea kushika mawe.

"Mzee wangu," alisema, "jina lile likitajwa leo, mimi vijana sitawaweza. Na wewe ndiye unayetayarisha kitabu, kila mtu anajua."

"Najua, mwanangu."

"Ule ukingo wa tofali niliujenga mimi. Tofali nilizoziweka mimi, naweza kuzitoa mimi. Na nikianza kuchimba huwa sijui kuishia juu juu."

Alisema hivyo kwa upole, akampapasa bega mara mbili, akatoka kwenda kupanga maandamano.

Tangu barua ya tatu Funguo alikuwa akiogopa asizikwe pembeni ya mkewe, na sasa aliogopa mkewe afukuliwe. Akaifungua Misale mahali pake, vidole vikaenda vyenyewe, klipu ikatoka, na kadi ikaingia mfuko wa ndani wa kanzu yake nyeupe. Alikuwa bado ana mkono mfukoni padri alipoingia kuvaa.

Padri alianza kuvaa. Alipofika kwenye mshipi alishindwa kuufunga, Funguo akamfungia kama anavyofungiwa mtoto, na akaona jasho limemlowesha padri mpaka kwenye alba, ile kanzu ya ndani. Ndipo padri akamtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Alifungua mdomo akaanza, "Mzee, kuhusu lile neno la jana..." na mlango ukafunguka. Katekista alikuwa amesimama akitabasamu, akisema kwamba kwaya iko tayari. Padri akafumba mdomo. Funguo alidhani alitaka kumkumbusha, akaitikia kwa kichwa kumtuliza kwamba kazi imefanyika, na padri naye akaitikia kwa kichwa. Wakatoka.

Misa ilikwenda, ila Funguo hakuisikia. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya altare akihesabu kurasa. Nasadiki ikapita. Matoleo yakapita. Mkate ukainuliwa, kalisi ikainuliwa, kengele ikalia, na watu elfu moja na zaidi walikuwa kimya kiasi cha kusikia upepo ukicheza na karatasi ya matangazo mlangoni.

Padri alisoma polepole. Alifika pale. Alisema, "Pamoja na Papa wetu," akanyamaza.

Kidole chake kilishuka kwenye ukurasa. Kilitembea kulia, kikarudi kushoto, kikapapasa mahali klipu ilipoacha alama kwenye karatasi kwa miaka ishirini na miwili. Akafunua ukurasa unaofuata. Akaurudisha. Kisha akainua macho, hakuwatazama watu wala Makamu, akamtazama Funguo.

Funguo alielewa papo hapo, na hakuna kitu alichowahi kukielewa haraka namna ile. Padri alikuwa anaitafuta kadi. Padri alitaka kusoma. Alikuwa amebadili nia yake, usiku wa jana au alfajiri ile, na hicho ndicho alichotaka kukisema sakristiani. Na sasa kichwa chake kilikuwa kimefunga kama siku ya misa yake ya kwanza, mdomo wazi, na ndani yake hakukuwa na jina la askofu wala la Papa.

Kadi ilikuwa imemlalia Funguo juu ya moyo. Kutoka kigodani mpaka altareni zilikuwa hatua kumi na mbili. Alizipiga mara nne kila misa, akibeba maji, akibeba divai. Hakuna mtu angeshangaa. Angesimama tu, angeweka, angerudi. Nyuma ya nguzo ya kwanza Katekista alisimama mikono kifuani. Funguo aliziona zile tofali zikitoka moja moja, akaona udongo, akaona kitambaa cheupe alichomfunikia mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Aliyaambia magoti yainuke. Hayakuinuka.

Ukimya ulirefuka. Kalamu ya Makamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Halafu nyuma kabisa mwanamke mmoja, ambaye hakujua lolote ila alichokuwa akikitamani, akapiga kigelegele. Wa pili akadakia, na kanisa zima likalipuka, watu wakipiga makofi na kulia na kukumbatiana juu ya mabenchi. Makamu aliandika neno moja, akafunga daftari, akavaa kofia yake na kutoka kwa mlango wa pembeni. Padri alisubiri kelele zishuke. Akasoma mstari uliofuata.

Hivyo ndivyo kanisa lile lilivyozaliwa. Anayekuambia vinginevyo hakuwa amekaa kwenye kigoda kile.

Baada ya misa watu walitaka kumbeba padri juu juu. Aliomba dakika moja avue kasula, akaingia sakristia, akafunga mlango akauegemea kwa mgongo.

"Iko wapi?" aliuliza.

Funguo aliitoa. Padri aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma kwa sauti ndogo, jina la Papa na jina lile refu la askofu, lote, bila kukwama mahali, huku nje wanaimba na kupiga ngoma milangoni.

"Nilikuwa nimeamua kurudi," alisema. "Tangu alfajiri. Nilijua hutaitoa. Nilijua utaniogopea na kuiacha."

"Niliiacha, Baba. Niliitoa mwishoni."

"Na uliponiona natafuta?"

"Niliogopa."

Padri aliketi juu ya sanduku la mishumaa. Alisema kwamba hata yeye aliogopa, kwamba maneno matano tu yangetosha kabla ya Katekista kufungua mlango, akashindwa kuyasema. Funguo alimwambia bado kuna muda. Atoke sasa hivi, asimame ngazini, awaambie watu ukweli. Padri aliinuka. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akausikiliza ule wimbo. Walikuwa wameshatia jina lake ndani ya wimbo. Mkono ukaachia kitasa.

"Maji yameshamwagika, Mzee," alisema, akaitia kadi ndani ya kijitabu chake cha sala.

Siku ya Jumanne walinzi wa askofu walibadilisha makufuli yote. Funguo alikabidhi funguo kumi na saba, na kwa wiki nzima alitembea upande upande kwa kukosa uzito kiunoni. Seremala mmoja aliwapa karakana yake, na hapo ndipo walipoanza kusali, altare ikiwa meza ya kurandia iliyofunikwa shuka, na unga wa mbao ukiwaingia puani mpaka watu wakipiga chafya katikati ya wimbo wa Utukufu. Padri alitengwa na Kanisa kwa barua yenye mhuri. Watu waliibandika barua ile ukutani wakaipamba kwa maua.

Miaka mitatu ikapita, na kanisa halikufa kama askofu alivyotabiri. Lilipata vigango saba, makanisa madogo ya vijijini. Lilifungua tena shule ya ufundi. Maaskofu wawili wa kanisa jingine, ambalo nalo lilijitenga zamani, walikuja kumwekea padri mikono, naye akawa askofu. Kila mwaka waliadhimisha Jumapili ile, wakaiita Jumapili ya Ukimya, na Katekista ndiye aliyehubiri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alianza kila mwaka, kisha akasimulia jinsi padri alivyomtazama mjumbe wa Roma usoni akakataa kufungua kinywa. Askofu Kitabu aliinamisha kichwa, watu wakasema ni unyenyekevu. Funguo, kwenye kigoda chake kipya, alilowa jasho kwapani mpaka mahubiri yaishe.

Kadi mpya aliiandika yeye, maana bado ilikuwa kazi yake. Ilikuwa na jina moja tu, la askofu wao.

Makaburi hakuruhusiwa kuyakaribia. Binti yake alipita njia ile akipeleka nguo za wateja, na kila aliporudi mzee alimuuliza swali lile lile kabla hajatua mzigo. "Tofali zipo?" Zipo, Baba. "Zote?" Zote. Majani upande wa pili yalikuwa yamefika kiunoni, lakini hilo binti hakumwambia.

Kifua ndicho kilichomwangusha. Unga wa mbao, alisema daktari, na umri. Mwezi wa pili kitandani Funguo aliacha kuuliza habari za tofali, akaanza kumwita mkewe usiku na mchana, akimwambia avumilie kidogo. Binti aliyekuwa ameshona bendera alivaa viatu akaenda mwenyewe kwa Makamu. Alirudi na jibu. Mzee angezikwa pale kama angekiri mbele ya mashahidi wawili, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba yuko pamoja na Papa na pamoja na askofu, akiwataja kwa majina. Hapakuwa na sharti jingine.

Makamu alifika siku iliyofuata, na miwani yake ile ile. Habari zilikuwa zimemtangulia. Katekista alikuwa ameshaketi kwenye benchi miguuni pa kitanda, mikono juu ya magoti, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Mlangoni alisimama Askofu Kitabu, hajaingia wala hajaondoka.

Makamu alimwinamia mgonjwa akamwambia aseme tu. Chumba kizima kilisikia pumzi ikikwaruza. Funguo alianza vizuri. "Niko pamoja na Papa wetu," alisema, akanyamaza. Akarudia. Homa ilikuwa imefuta kila kitu. Jina aliloliandika kwa mkono wake, kwa wino mweusi na herufi kubwa, halikuwepo. Alitazama dari, akatazama binti yake, akamtazama Katekista aliyekuwa akimwangalia bila kupepesa, na hofu ikamjaa machoni mpaka ikamwagika. Alikuwa karibu kiasi kile, na mkewe alikuwa anasubiri peke yake.

Ndipo Askofu Kitabu alipotoka mlangoni. Alipita mbele ya Katekista, magoti yakamgusa magoti. Alitoa kijitabu chake cha sala. Kutoka ndani yake akatoa kadi nyeupe, imeota umanjano pembeni na alama ya kutu mahali pa klipu, akaiweka mkononi mwa mzee, akakishika kidole chake akakiweka juu ya neno la kwanza.

"Soma, Mzee wangu," alisema. "Hata mimi huwa nasoma."

Funguo alisoma. Alisoma jina la kwanza kwa pumzi moja na la pili kwa pumzi tatu. Makamu alikubali kwa kichwa, akafungua chupa ya mafuta ya wagonjwa. Katekista alikuwa ameinuka. Aliitazama ile kadi, akautazama mwandiko, akamtazama askofu wake kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba mahubiri ya miaka mitatu yanapita moja moja kichwani mwake. Alitoka bila kuaga. Baadaye aliwaambia watu kwamba mzee alikuwa na homa kali na hakujua alichosema, na wakamwamini, au waliona ni salama kumwamini.

Walimzika siku ya Alhamisi. Wachimbaji walifyeka majani, wakakuta ukingo mzima, hakuna tofali hata moja iliyoguswa. Askofu Kitabu hakuruhusiwa kupita geti. Alisimama nje ya uzio wa waya, mikono mitupu, hana kitabu, midomo ikienda. Binti wa marehemu, aliyekuwa karibu na uzio kuliko wote, alimsikia akiomba ile sala kuu kwa kichwa, akisitasita kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alipofika pale pa majina alisimama. Na askofu akayataja yote mawili, la Papa na la yule mwingine, kwa sauti ambayo isingemwamsha mtoto, kisha akageuka haraka kuona kama kuna mtu nyuma yake.

Jumapili iliyofuata karakana ilikuwa imejaa kama kawaida. Hapakuwa na mtunza sakristia, kwa hiyo binti ndiye aliyetandika shuka juu ya meza ya kurandia na kufungua Misale. Mfukoni alikuwa na kadi mbili: ile ya jina moja, na ile ya majina mawili, aliyoikuta kwenye nguo za baba yake. Aliinua macho akamwona Katekista kando ya nguzo, mikono kifuani, akimtazama vidole.

Ile ya majina mawili akaisukuma chini kabisa ya mfuko. Akabana kadi ya jina moja kwa klipu, akaenda kuketi kwenye kigoda cha baba yake.